Mama anakurupuka usiku akisema anakabwa: mazoezi ya pumzi yanasaidia nini, na hofu yake tuifanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Lushoto. Amepikia kuni tangu utotoni, na ameugua kifua kikuu mara mbili. Dozi ya mwisho aliimaliza mwaka 2017. Mwezi uliopita hospitali walipima makohozi wakasema TB haipo ila mapafu yameharibika. Wamempa pampu ya salbutamoli na kumwambia apumzike. Akipanda kilima kidogo tu anatweta. Usiku anakurupuka akisema anakabwa, anakufa. Majirani wengine wanasema ni jinamizi, wengine wanasema anadeka. Ameacha kupika, ameacha kwenda kwenye kikundi chao cha vikoba, siku nzima yuko kitandani. Kwenye simu nimeona mazoezi mengi ya kupumua, mengine ya kupuliza maputo. Yapi ni ya kweli? Na huu woga una dawa?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Mfikishie mama pole pia, na umwambie neno moja kabla ya yote: hadeki. Mtu mwenye makovu mapafuni anapokurupuka usiku akitafuta hewa, anachokisikia ni cha kweli, na hofu inayofuata ni ya kweli. Mwili wa binadamu umeumbwa kuogopa kukosa hewa kuliko unavyoogopa njaa au maumivu. Kinachowezekana, na kinawezekana sana, ni kumpa mama kitu cha kufanya pumzi inapobana, ili hofu isipate nafasi ya kuichochea zaidi.

Kwanza mwelewe tatizo liko wapi. Shida yake kubwa pengine haipo kwenye kuvuta hewa, ipo kwenye kuitoa. Moshi wa kuni wa miaka mingi, pamoja na TB, huacha vijia vidogo vya hewa vikiwa vyembamba na vilivyolegea. Mama akivuta, kifua kinatanuka, vijia vinafunguka, hewa inaingia. Akitoa, vijia vinafunga kabla hewa haijaisha, na inayobaki inanaswa ndani. Akiwa ametulia haimsumbui sana kwa kuwa ana muda wa kuitoa polepole. Akipanda mlima, au akishtuka, anaanza kuhema harakaharaka na kuvuta pumzi mpya juu ya ile ambayo haijatoka. Kifua kinajaa kama gunia lililoshindiliwa. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kinasukumwa chini kikalala bapa na hakina tena nguvu ya kuvuta.

Jaribu wewe uliye mzima. Vuta pumzi hadi juu, toa robo tu, vuta tena, toa robo, vuta tena. Kufikia ya tatu utahisi hakuna nafasi ya kuvuta, na utatamani sana kuacha. Mama hukaa katika hali hiyo kwa dakika nyingi. Ndiyo maana kumwambia "vuta pumzi ndefu mama, vuta!", kama kila anayeuguza anavyosema kwa mapenzi, kunamzidishia. Mwambie atoe.

Kupuliza kwa midomo iliyobanwa

Katika yote uliyoyaona kwenye simu, hili ndilo la kuanza nalo. Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote ziguse sakafu, mabega yaachiwe yashuke. Afunge mdomo avute hewa kwa pua, kiasi cha kawaida tu, kwa hesabu ya moja, mbili. Asijaze kifua. Halafu akunje midomo kama anayetaka kupiga mluzi na kuiachia hewa itoke taratibu: moja, mbili, tatu, nne. Kutoa kuchukue kama mara mbili ya muda wa kuvuta. Ikiwa nne ni ndefu kwake, aanze na moja kwa mbili. Afanye dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, akiwa hana shida yoyote.

Kinachofanya kazi hapo ni ule upenyo mdogo wa midomo. Unazuia hewa kidogo, msukumo unarudi nyuma hadi kwenye vijia na kuvishikilia wazi, hivyo hewa iliyonaswa inapata pa kutokea. Pia unampunguzia kasi ya kuhema bila yeye kulazimisha.

Makosa nayajua kabla hujaniambia. Mama amepuliza moto jikoni maisha yake yote, kwa hiyo atapuliza hivyohivyo, kwa nguvu, mashavu yamevimba. Kupuliza kwa nguvu kunakaza misuli ya kifua na tumbo, nayo inabana vijia kutoka nje, hewa inanaswa zaidi. Mfundishe kwa mfano wa kupoza uji kwenye kijiko bila kuumwaga. Au washa mshumaa, uweke umbali wa mkono mmoja kutoka usoni: ulimi wa moto ulale, usizimike. Kosa la pili ni kufuata video zinazotaka hesabu ya sita au nane. Akisikia kizunguzungu, au ganzi kwenye vidole na kuzunguka mdomo, ujue anapumua kupita kiasi. Aache, apumue kawaida dakika moja, kisha arudie kwa hesabu fupi. La tatu ndilo linalowaangusha wengi: wanalikumbuka zoezi siku ya shida tu. Saa nane usiku si wakati wa kujifunza kitu kipya. Mpe angalau wiki mbili za kufanya mchana akiwa mtulivu, hadi midomo ijikunje yenyewe bila kufikiri.

Akishalizoea, alihamishie kwenye kazi. Kanuni ni kuvuta kabla ya jitihada na kupuliza wakati wa jitihada: anapuliza anapoinuka kitini, anapuliza anaponyanyua sufuria, anapuliza anapoinama kuvaa viatu. Kwenye njia za huko kwenu zenye mwinuko avute kwa hatua moja, apulize kwa hatua mbili, au mbili kwa nne akiweza. Wengi hubana pumzi bila kujua wanapoinama au kuinua kitu, na hapohapo ndipo kutweta kunapoanzia.

Tahadhari moja. Kuna watu ambao baada ya TB mapafu yamekauka na kusinyaa kwa makovu, lakini vijia havijaziba. Hawa pumzi zao huwa fupi na za harakaharaka kwa sababu pafu halitanuki, na hesabu ndefu zinawachosha bure. Kipimo cha kupuliza kinachoitwa spirometria ndicho kinachotofautisha, ombeni kifanyike. Kabla hakijafanyika, ajaribu zoezi kwa wiki moja. Likimpa nafuu endeleeni, likimchosha alitumie kwenye kutembea tu.

Vipi kuhusu kupumulia tumboni, mkono juu ya kitovu? Video nyingi zinalisifu, na kwa mtu mwenye wasiwasi ambaye mapafu yake ni mazima linafaa. Kwa mtu ambaye kifua kimejaa hewa na kiwambo kimelala bapa, kusukuma tumbo kwa makusudi kunaweza kumuongezea kazi na kumbana zaidi. Nisingeanza nalo. Maputo achaneni nayo. Yanadai nguvu nyingi kifuani, na mapafu yaliyopita TB mara mbili yanaweza kuwa na viputo vya hewa vyenye kuta nyembamba ambavyo si busara kuvishindilia. Kile kidude cha mipira mitatu kilichouzwa sana wakati wa Uviko kilikusudiwa hasa watu waliotoka kwenye upasuaji. Kinafundisha kuvuta, na shida ya mama ni kutoa. Hela hiyo nunua kiti kizuri cha plastiki chenye egemeo.

Mkao, na upepo usoni

Akibanwa, asilale na asisimame wima akishika kiuno. Akae ainamie mbele, viwiko juu ya mapaja, viganja vikining'inia. Kama kuna meza, aweke mito miwili na kulaza mikono na kichwa hapo. Njiani aegemee ukuta au mti kwa mikono, au ashike mkongojo kwa mikono yote miwili. Mikono ikishapata pa kuegemea, misuli ya mabega na shingo inakuwa huru kusaidia kifua, na tumbo linakisukuma kiwambo kirudi juu kwenye umbo lake la kuba.

Kama anasali, kusujudu kunampa shida kwa sababu kichwa kinashuka na tumbo linakikandamiza kifua. Dini imemruhusu mgonjwa kusali ameketi, na wengi wanateseka kwa kuona haya kuitumia ruhusa hiyo. Mletee kiti mwenyewe, asisubiri kuomba.

Kingine kinachodharauliwa ni upepo. Hewa baridi ikipuliziwa mashavuni na puani, mishipa ya fahamu ya uso inaupelekea ubongo taarifa zinazopunguza hisia ya kukosa hewa. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2010 lilitumia feni ndogo ya mkononi kwa dakika 5 na likaonyesha nafuu. Kipepeo cha ukili kinaleta upepo uleule. Wewe ndiye umpepee, karibu, sentimita 15 hadi 20 hivi, kuelekea puani na mdomoni, maana akijipepea mwenyewe anatumia pumzi ileile anayoitafuta. Kitambaa chenye maji baridi usoni nacho husaidia.

Makohozi ya asubuhi

Hukuniambia kama anatoa makohozi mengi, lakini baada ya TB ni kawaida vijia vingine kutanuka na kugeuka madimbwi ya kohozi, na dimbwi hilo ni sababu mojawapo ya kukabwa usiku. Kukohoa mfululizo kunamchosha na kuvifunga vijia. Afuate mzunguko huu, akiwa ameketi, asubuhi na jioni. Apumue taratibu kwa nusu dakika. Avute pumzi kubwa 3 au 4, kila moja aishikilie sekunde 3 kisha aiachie bila nguvu. Apumzike tena nusu dakika. Halafu afungue mdomo na koo, atoe hewa kwa mkupuo kama anayetia ukungu kwenye kioo, "haaa", mara moja au mbili tu. Kohozi likifika juu, akohoe mara moja alitoe. Arudie mzunguko kwa dakika 10 hadi 15, au aache makohozi yakiisha kabla ya hapo. Afanye kabla ya kula. Akitoa damu asifanye zoezi hili. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Usiku wenyewe

Kukurupuka usiku kuna sababu zaidi ya moja. Kulala chali kunapandisha tumbo, makohozi yanajikusanya, dawa ya jioni imeisha nguvu. Wakati mwingine ni moyo: akivimba miguu, au akilazimika kulala ameketi kila siku, lazima moyo upimwe, na hakuna zoezi la pumzi litakaloziba nafasi ya kipimo hicho. Jinamizi wanalolisema majirani kuna maelezo yake ya mwili, na mama akishaelezwa kwamba kilichomkaba ni hewa iliyonaswa na kohozi, nusu ya hofu inakosa pa kukaa.

Andaeni usiku mapema. Inueni upande wa kichwa wa kitanda kwa tofali chini ya miguu miwili, kama sentimita 15. Mezani, mahali ambapo mkono wake unafika gizani, pawe na pampu, tochi, maji na kipepeo. Kiti kiwe kando ya kitanda tayari.

Akikurupuka, usiwashe taa zote na kuita watu. Keti chini yake kidogo, usimsimamie. Mkono mmoja mgongoni. Usiseme "tulia, tulia", kwa sababu hawezi na anajua hawezi. Sema maneno machache: "Inama. Puliza. Puliza tena." Usimtake avute kwa hesabu mwanzoni, mwache avute apendavyo, wewe hesabu kutoa tu, na kila baada ya pumzi chache urefushe kidogo. Wewe mwenyewe puliza kwa sauti aisikie. Atakufuata bila kuamriwa. Usimwulize maswali, maana kila jibu linamla pumzi. Mkubaliane ishara: kidole kimoja pampu, viwili maji, kiganja wazi niache kwanza.

Pampu aipate mapema, lakini itumike vizuri. Wengi wanaipulizia ulimi. Chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyooshwa na kutobolewa kitako kwa tundu linalobana mdomo wa pampu sawasawa, ni msaada mkubwa. Madaktari wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 kwamba kwa watoto wenye pumu chupa hiyo ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Tikisa pampu, ichomeke kitakoni, mama aweke midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute polepole na kushikilia hadi sekunde 10. Asipoweza kushikilia, apumue humohumo mara 4 au 5. Msubiri nusu dakika hadi dakika moja kabla ya pulizo la pili. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke bila kufutwa, ili dawa isinate kwenye kuta.

Na umweleze hili mapema: salbutamoli inatetemesha mikono na kuufanya moyo uende mbio kwa muda. Asiyeambiwa hudhani ndiyo hofu inarudi, au moyo unasimama, basi anaongeza mapulizo na kutetemeka kunazidi. Vidonge vya aminofilini, navyo vya kufungua vijia vya hewa, kama amewahi kupewa, vinafanya vivyo hivyo na kukosesha usingizi pia.

Baada ya kila tukio andika kwenye daftari saa lilipoanza, saa lilipoisha, na kilichosaidia. Matukio haya mengi hutulia ndani ya dakika chache, ila anayebanwa huhesabu kama usiku mzima. Wiki tatu za daftari zinampa ushahidi wake mwenyewe: mara tisa nilisema ninakufa, mara tisa ikapita. Hakuna mshauri awezaye kumwambia jambo hilo kwa nguvu kuliko daftari. Mrekodi pia kwenye simu mchana akiwa mzima, kwa sauti yake na kwa lugha anayoiwazia, Kisambaa kama ndicho, akijiambia: "Hii naijua. Ni hewa imenaswa. Nainama, napuliza, itatoka." Usiku mwekee aisikie.

Woga wa mchana, na huzuni

Wataalamu wa Cambridge, Uingereza, waliochapisha mfumo wao mwaka 2017, wanaeleza kubanwa pumzi kama mizunguko mitatu inayolishana: wa kupumua, wa kuwaza na wa kutenda. Kwa mama uliyemweleza, wa tatu ndio uliokaza zaidi. Anaogopa kutweta, kwa hiyo hatembei. Asipotembea misuli ya mapaja inalegea, na misuli iliyolegea inadai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mwezi ujao hatua kumi zitamtwetesha kama hamsini za jana, naye ataona kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Ushauri wa "apumzike" hapa umemdhuru, japo ulitolewa kwa nia njema.

Kwa hiyo dawa kubwa kuliko mazoezi ya pumzi ni kutembea, na ninalisema hili kwa uhakika. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya majaribio 65 ya programu za mazoezi kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoziba yalionyesha nafuu ya kutweta, ya uchovu na ya hisia, na uwezo wao wa kuumudu ugonjwa uliongezeka. Mazoezi ya kupumua yakiwa peke yake ushahidi wake ni mdogo zaidi. Thamani yake ni kumfanya mama athubutu kutembea. Na hili halihitaji mitambo ya Ulaya. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilijaribu programu ya wiki 6, mara mbili kwa wiki, kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB, ikachapisha matokeo mwaka 2017. Walitembea mbali zaidi na maisha yao yakawa mepesi.

Anza na njia iliyo tambarare, ya kuambaa na mlima badala ya kuupanda. Mpime kwanza: anatembea dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama? Kama ni 3, mpe 2 za kutembea na 1 ya kupumzika ameegemea, mizunguko 4 au 5, siku 5 kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika moja moja hadi afike 20 au 30 kwa jumla. Mfundishe kujipa alama: 0 sitweti kabisa, 10 siwezi zaidi. Mazoezi yafanyike kwenye 3 au 4. Yaani atatweta, na atweteshwe makusudi. Kutweta huko hakuharibu mapafu, na hiyo ndiyo sentensi anayohitaji kuisikia mara nyingi. Akifika 7, asimame, aegemee, apulize. Ndani ya dakika 5 hivi awe anarudi alipokuwa. Nyumbani aongeze kuinuka na kuketi kwenye kiti mara 5, apumzike, mara 5 tena, na kuinua chupa za nusu lita za maji kwa mikono. Asubuhi kukiwa na ukungu na baridi kali, ngojeni jua.

Sasa huzuni. Muulize kwa utulivu, mkiwa wawili: wiki mbili hizi, mambo uliyoyapenda bado yanakuvutia? Umekuwa mtu wa kukata tamaa au moyo mzito siku nyingi? Jibu la "siku nyingi" kwa swali lolote kati ya hayo linatosha kwenda kuomba apimwe sonona. Kuna dodoso la maswali tisa linalotumika kwa Kiswahili. Muulize pia kama amewaza heri afe. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa ruhusa ya kulitua. Akisema ndiyo, asibaki peke yake, na muonane na mhudumu wa afya siku hiyo. Sonona inatibika hata kwa mwenye mapafu mabovu, kwa mazungumzo yaliyopangwa, kwa kurejesha shughuli, na kwa vidonge ambavyo daktari anaweza kuvichagua visivyobana pumzi. Vidonge hivyo huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha nguvu, msiviache wiki ya kwanza.

Kurejesha shughuli kufanyike kwa vipande. Asirudi kupika mlo wote. Achambue mboga ameketi kwenye kiti, si kigoda kifupi kinachombana tumbo. Kesho akoroge mchuzi. Moto auwashe mtu mwingine, kuni ziwe kavu kabisa, maharage yalowekwe usiku ili yaive upesi, na mama akae upande usio na moshi au nje. Vikoba aende hata kama ni nusu saa, na wewe umtangulie kuwaeleza wenzake kwamba kikohozi chake si TB ya kuambukiza, makohozi yamepimwa. Watu wengi waliopona TB hujificha kwa sababu kila wakikohoa watu husogeza viti. Ila kikohozi kikibadilika kwa wiki mbili, au homa, jasho la usiku na kukonda vikirudi, apimwe upya kwa GeneXpert, kipimo cha mashine cha kutafuta TB kwenye makohozi, bila kuona aibu.

Yasiyofaa, na yasiyosubiri

Msinunue diazepamu dukani ili alale. Dawa za kutuliza na sharubati za kikohozi zenye kodeini hupunguza msukumo wa kupumua, na kwa mapafu kama haya zinaweza kumlaza asiamke. Propranololi, ambayo hupewa watu wenye mapigo ya moyo ya wasiwasi, hubana vijia vya hewa. Yeyote atakayemwandikia aambiwe ana ugonjwa wa mapafu. Asipumulie kwenye mfuko wa karatasi hata mara moja.

Kipima oksijeni cha kidole kinasaidia mkiwa nacho, lakini kutweta na upungufu wa oksijeni ni vitu viwili. Anaweza kutweta sana huku kinasoma 95, na hapo kinamtuliza. Hina nyeusi au piko kwenye kidole inaweza kukivuruga, na kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine kinasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo msikiamini kuliko macho yenu.

Nendeni hospitali bila kungoja kuche kama hawezi kumaliza sentensi, midomo au ulimi umekuwa wa bluu, amechanganyikiwa au anasinzia isivyo kawaida, kipimo kiko chini ya 88 akiwa ameketi, ametoa damu nyingi, kifua kimechoma ghafla upande mmoja na pumzi ikakatika, au dakika 20 zimepita baada ya pampu na mkao bila nafuu yoyote. Maumivu ya kichwa kila asubuhi na usingizi mzito mchana navyo vitajwe kliniki, maana vinaweza kuashiria hewa chafu inayojikusanya mwilini.

Mkienda kliniki chukueni daftari, na muombe mambo matatu kwa majina: spirometria, uchunguzi wa moyo, na kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia ili amwangalie mama anavyopuliza. Kabla ya hapo, tafuta ndugu mmoja wa kushika zamu ya usiku mara mbili kwa wiki, na umfundishe zile ishara za vidole ili mama asianze upya kumweleza saa nane za usiku.